Jinsi ya Kushona Jampsuti Nyekundu ya Lupita wa "Us" Ikawa Vazi la Mtoko

Ukishaitazama filamu ya kutisha ya Us ya mwaka 2019, kuna nguo moja haikutoki kichwani: ovaroli nyekundu. Anayeivaa ni Red, mkasi wa dhahabu mkononi, glovu ya kahawia mkono mmoja tu, miguuni sandali. Red ni mfano wa kutisha wa Adelaide, mama anayepambana usiku kucha kuokoa familia yake. Wote wawili wameigizwa na mtu mmoja, Lupita Nyong'o, Mkenya aliyezaliwa Mexico na kushinda Oscar mwaka 2014.

Tatizo ni kwamba ovaroli ni nguo ya gereji. Utaivaaje kwenye party ya Halloween tarehe 31 Oktoba, au mtoko wowote wa usiku, watu wamjue Red na bado waseme umependeza? Jibu ni kujua kipi usiguse na kipi ubadilishe.

Usiviguse hivi

Mavazi ya filamu hii yalibuniwa na Kym Barrett, na alama zake ni chache. Kwanza, rangi ni moja juu mpaka chini, nyekundu iliyokolea. Pili, nguo ina kola na inafunguka mbele. Tatu, glovu moja na mkasi. Glovu moja lazima ikukumbushe Michael Jackson, na ndani ya filamu Adelaide akiwa mtoto anavalishwa fulana ya Thriller. Ukiacha kimoja kati ya hivi, utapendeza sawa, lakini utakuwa mtu aliyevaa jampsuti nyekundu tu.

Badilisha hivi

Badilisha kitambaa na mkato. Achana na kaki, chukua krepu nzito au satini. Krepu inateremka vizuri na inasamehe makosa ya mkono. Satini inang'aa zaidi lakini ni kiburi: tundu la pini halifutiki. Vyote vinapatikana kwenye maduka ya vitambaa Kariakoo, Dar es Salaam, au Eastleigh, Nairobi. Kwa kitambaa chenye upana wa sm 150, mita 3 hadi 3.5 zinatosha watu wengi.

Kwenye mkato, weka mshono kiunoni ili umbo lionekane, mabega yasimame kwa pedi nyembamba, na suruali iwe pana kuanzia kwenye nyonga hadi chini. Ukitaka kumkumbuka na Adelaide, ambaye nguo zake nyeupe zinazidi kulowa damu kadiri usiku unavyokwenda, weka bitana nyeupe ndani ya kola na mikono. Ukikunja, weupe unachungulia.

Kabla ya hapo, lowesha kipande cha kitambaa chekundu na ukisugue kwenye kitambaa cheupe. Kikichuja rangi, kifue chote peke yake mpaka maji yatoke safi. Kisipoacha kuchuja, sahau bitana nyeupe, tumia nyekundu.

Kipimo ambacho wengi wanakiruka

Hapa ndipo jampsuti nyingi zinaharibika. Mtu anapima kifua, kiuno, nyonga na urefu wa suruali, anaona kamaliza. Akisimama, nguo iko poa. Akikaa, inamvuta mabegani na kumbana katikati ya miguu, na kitambaa kimeshakatwa.

Kipimo kinachokosekana ni mzunguko wa kiwiliwili. Tepu inaanzia juu ya bega, inashuka mbele, inapita katikati ya miguu, inapanda mgongoni na kurudi pale pale begani. Ongeza sm 5 za nafasi ya kukaa na kuinama. Kama unampelekea fundi, mwambie kabisa: "Fundi, naomba unipime na mzunguko wa kiwiliwili." Ukipata namba hiyo, jumlisha urefu wa blauzi mbele na nyuma, na urefu wa mshono wa katikati ya suruali kutoka kiuno cha mbele hadi kiuno cha nyuma. Jumla isipungue hapo.

Usikate satini yako bado. Shona kwanza ya majaribio kwa marikani au shuka kuukuu, uivae, ukae kwenye kiti, uinue mikono. Panapovuta, ongeza. Shuka likiharibika hasara ni ndogo.

Kushona kwenyewe

1. Panga vipande vyote vya satini vielekee upande mmoja. Ukigeuza kimoja, mwanga utaonyesha wekundu wa aina mbili.

2. Badilisha sindano ya cherehani, weka mpya nyembamba, namba 70. Sindano butu inavuta nyuzi. Pini zichome ndani ya sehemu ya mshono tu.

3. Shona blauzi peke yake na suruali peke yake, ndipo uunganishe kiunoni. Kola na ukingo wa vifungo vibandikwe kitambaa kigumu kwa ndani ili visilegee.

4. Ufunguo wa mbele ushuke hadi sm 18 au 20 chini ya kiuno. Nyonga zipite bila kulazimisha, na chooni usihitaji msaada wa mtu. Zipu ya mgongoni ni nzuri kwenye picha, ila uko peke yako saa sita usiku utaijutia.

5. Piga pasi kwa moto mdogo upande wa ndani. Tundika nguo usiku mmoja kabla ya kukunja pindo, na ulipime ukiwa umevaa viatu utakavyotoka navyo.

Mkasi je?

Usitembee na mkasi wa kweli kwenye umati. Kata wa kadibodi nene, upake rangi ya dhahabu, au tafuta bruchi yenye umbo la mkasi uibane kifuani. Vifungo navyo viwe vya dhahabu vifanane nayo. Glovu ikiwa ya ngozi ya kahawia, vaa moja, ya pili iache nyumbani.

Mengine ni ya kwako: Red hacheki ovyo, anasimama wima na kukukazia macho. Ukiweza hilo, hata asiyeijua filamu atakupisha njia.