Dereva Anaporudi Nyumbani: Afya ni Amana ya Mume na Mke

Kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi mpaka wa Tunduma ni safari ya zaidi ya kilomita 900. Dereva wa lori hupita Chalinze, Morogoro, Iringa, Makambako na Mbeya, akisimama kwenye mizani na kulala ndani ya gari, kisha huvuka Nakonde na pengine kuendelea hadi Lubumbashi. Anaporejea, huenda wiki nyingi zimepita. Watoto humkimbilia, mke humtengea maji na chakula. Lakini lipo swali moja ambalo katika nyumba nyingi halitamkwi: je, sote wawili tu wazima?

Tumeona ni wajibu kulizungumza jambo hili katika ukurasa wa familia. Hatusemi kuwa kila dereva ni mzinifu. Hiyo ni dhana mbaya, na dhana mbaya ni dhambi. Wapo wanaotandika mswala kando ya lori kila kipindi cha Swala kinapoingia. Hata hivyo, kazi hii ni mtihani. Mwaka 2019 kilizinduliwa kituo cha huduma za pamoja mpakani Tunduma ili kupunguza kusubiri, lakini foleni ndefu bado hujitokeza. Penye foleni pana baa, nyumba za wageni na upweke.

Suratul Israa, aya ya 32, haikukataza zinaa pekee, bali hata kuikaribia. Basi kinga ya dereva huanza mapema: mahali anapochagua kuegesha, rafiki anayeketi naye, na simu anayompigia mkewe kila jioni.

Wenye magari nao wana sehemu yao. Imepokewa kuwa Sayyidna Umar (r.a.), akizunguka Madina usiku, alimsikia mwanamke akilalamikia upweke kwa kuwa mumewe yuko jeshini. Hakumkemea. Alimwendea bintiye Hafsa (r.a.) akamuuliza mke huweza kumvumilia mume aliye mbali kwa muda gani, kisha akawawekea askari ukomo wa kukaa safarini: miezi minne katika baadhi ya riwaya, sita katika nyingine. Khalifa alibadili zamu za jeshi kwa ajili ya ndoa. Je, tajiri wa malori anayempanga dereva safari juu ya safari hawezi kumpa siku chache za kukaa na familia yake?

Kwa upande wa afya, tusidanganywe na sura. Mtu huweza kuishi na virusi vya UKIMWI kwa miaka bila dalili yoyote. Kisonono na klamidia mara nyingi havimwonyeshi mwanamke dalili, na visipotibiwa huweza kumletea utasa. Ni dhulma iliyoje mke kuitwa tasa na mawifi, ilhali maradhi yaliletwa na mwingine! Kaswende nayo humfikia mtoto tumboni, ingawa hutibika kwa sindano za penisilini. Anayejinunulia vidonge dukani na kumeza nusu ya dozi hajapona, na anayetibiwa peke yake bila mwenzake ataambukizwa tena.

Aliyeteleza asiongeze kosa juu ya kosa kwa kuficha. Atubu, na awahi hospitali: zipo dawa za kuzuia virusi zinazopaswa kuanzwa ndani ya saa 72, na mapema zaidi ndiyo bora. Wakati akisubiri majibu, asimkurubie mkewe bila kinga. Anayekutwa na virusi akatumia dawa vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa, na mama anayetumia dawa huweza kuzaa mtoto salama. Safari isimkatishe dozi: amweleze mhudumu ratiba yake ili apewe dawa za kumtosha.

Nawe dada yetu, kumwomba mumeo mkapime pamoja si kumvunjia heshima. Sheria yetu imejengwa juu ya kuondoa madhara, na mwili wako ni amana utakayoulizwa. Mwambie kwa upole, faraghani, kabla ya safari na baada yake. Maimamu nao walitaje jambo hili katika khutba, kwani vijana wetu wengi ni madereva na utingo.

Mwenyezi Mungu awarejeshe wasafiri wetu wakiwa salama, miili yao na imani zao. Amin.