Upepo Ukivuma Turkana

Hapa Lugoba, akina mama wakipepeta mtama husubiri upepo. Ukija, makapi huruka na punje hubaki. Ukikoma, kazi husimama. Wenye majahazi kule Bagamoyo nao wanaujua upepo tangu zamani.

Siku hizi upepo unatoa umeme pia. Jirani zetu wa Kenya wana mitambo 365 ya upepo karibu na Ziwa Turkana. Kila mtambo ni mnara mrefu wenye mapanga matatu. Upepo huyazungusha mapanga, nayo huzungusha jenereta. Siku ya upepo mkali, mitambo hiyo yote inaweza kutoa megawati 310.

Umeme huo husafirishwa kwa nyaya hadi Suswa, zaidi ya kilomita 400. Huko unaingia katika gridi ya taifa. Mitambo ilisimikwa yote mwaka 2017, lakini nyaya zilikuwa hazijafika. Zilikamilika mwaka 2018. Muda wote huo upepo ulivuma bure, na serikali ya Kenya ikadaiwa fidia.

Nyaya zilipofika, ugumu mwingine ulibaki. Ndugu msomaji, umeme wa gridi hauwekwi ghalani kama mahindi. Hutumika saa ile ile unapotolewa. Ukizidi ni hatari, ukipungua ni hatari. Nao upepo haumsikilizi mtu! Kule Turkana huvuma sana usiku, watu wakiwa wamelala na viwanda vingi vimefungwa. Wasimamizi wa gridi hukesha. Upepo ukizidi, hupunguza mitambo mingine. Kenya ina umeme wa mvuke wa ardhini, na usiku kama huo mvuke mwingine umepata kuachwa upotee hewani. Hiyo ni hasara. Mitambo ya maji ni nafuu zaidi. Ukiipunguza, maji hubaki bwawani yakingoja siku isiyo na upepo.

Sisi Tanzania mitambo yetu ya upepo bado ni michache sana. Lakini maji tunayo. Bwawa la Julius Nyerere, katika mto Rufiji, lina mitambo 9 ya megawati 2,115. Umeme wake huja Chalinze, hapa jirani, katika kituo kikubwa cha kupozea umeme. Na mwaka 2024 gridi yetu iliunganishwa na ya Kenya kupitia Namanga. Kwa hiyo usiku wa upepo mwingi, umeme wa Turkana unaweza kuvuka mpaka, na maji ya Rufiji yakabaki bwawani.