Mshale Unangoja Miguu

Desemba iliyopita, ndani ya pori la kandokando ya barabara ya kutoka Lubumbashi kwenda Kipushi, nilisimama chini ya mti nikiwa na kifaa cha GPS kiganjani, nikingoja kinionyeshe njia. Mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu, majani yangali yakidondosha maji, na jua halikuonekana hata kidogo. Baiskeli tulikuwa tumeiacha karibu na lami. Mshale ukaelekea kwenye kichuguu; nikageuka kuufuata, ukahamia kwenye mti uliovunjika; nikageuka tena, ukazunguka ukarudi ulikotoka. Baba mkubwa, aliyemaliza ujana wake akibeba nguzo na minyororo ya wapima ardhi, alinitazama kitambo, kisha akasema: "Ile kintu haina macho, mwana yangu. Tembea kwanza."

Nikatembea. Baada ya hatua kumi na tano hivi mshale ukatulia.

Kifaa hiki hakihisi kaskazini. Kazi yake ni kusikiliza redio za setelaiti zinazozunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi, kupima mawimbi ya kila moja yamechukua muda gani kufika, na kwa kutumia angalau nne kukokotoa mahali ulipo. Kinapata nukta tu, na nukta haina mbele wala nyuma. Ukipiga hatua kinapata nukta ya pili, ya tatu, ya nne, na hapo ndipo kinapojua unakwenda wapi. Kinachukulia kwamba uso wako umeelekea huko huko inakokwenda miguu. Ukisimama, kila nukta inakosea mita kadhaa, na chini ya majani mabichi kosa huongezeka, basi kifaa kinadhani unarukaruka huku na huku. Mshale unazunguka kwa sababu hiyo, wala kifaa hakijaharibika.

Vipo vifaa vyenye dira ya sumaku ndani yake, na simu nyingi za siku hizi zinayo. Hivyo vinajua kaskazini hata mtu akiwa amesimama, lakini mara nyingi hutaka kwanza vizungushwe hewani kwa umbo la namba nane, na hupotoshwa na chuma kilicho karibu: gari, reli, panga kiunoni, hata sumaku ndogo ya kifuniko cha simu. Hapa kwetu utasikia watu wakisema dira haifai Katanga kwa sababu ya shaba iliyo ardhini. Shaba haiivuti sindano. Mawe yenye chuma cha sumaku ndiyo yanayoweza kuivuta.

Wazee watauliza kwa nini tuhangaike na mashine wakati jua lipo. Mimi pia nililelewa hivyo: mwezi wa Juni, yapata saa sita na dakika kumi mchana, chomeka kijiti ardhini na kivuli chake kitaelekea kusini, maana jua liko kaskazini yetu. Ni kweli kabisa. Lakini Lubumbashi iko karibu nyuzi 11 na dakika 40 kusini ya ikweta. Mwishoni mwa Oktoba jua la adhuhuri linapita utosini na kijiti hakina kivuli cha kusomeka. Kisha linavuka kwenda kusini yetu, na halirudi mpaka Februari, baada ya katikati ya mwezi. Katika miezi hiyo kivuli cha adhuhuri kinaelekea kaskazini. Anayeongozwa na somo la Juni atakwenda kinyume Desemba, akiwa na hakika moyoni.

Na Desemba ndiyo wakati wa uyoga. Akina mama na watoto wanatoka alfajiri kuingia porini, wanarudi na mabeseni, wanapanga mafungu kando ya barabara. Miti ya karibu na mji imekatwa kwa ajili ya makala, jina tunaloupa mkaa, hivyo wanalazimika kwenda mbali zaidi. Miombo haina mlima wa kutazama: ardhi ni tambarare, miti inalingana kimo, na kila upande kuna vichuguu vikubwa vinavyofanana kama ndugu. Mjini mtu anaweza kutafuta bomba refu la moshi la kampuni ya madini ya Gécamines na lile rundo jeusi la taka za madini akajua aliko. Ndani ya pori, bomba halionekani. Kwa upande wa Kipushi, Zambia nayo iko jirani. Mpaka unafuata mgawanyiko wa maji ya Kongo na Zambezi, ukawekewa nguzo na tume ya Wabelgiji na Waingereza kati ya 1911 na 1914, na mwokota uyoga anaweza kuuvuka bila kuiona hata nguzo moja.



Kwa hiyo nataka kila familia inayoingia porini iwe na mtu mmoja anayejua kutumia kifaa hiki, hata kama ni simu tu. Kupokea mawimbi ya setelaiti hakuhitaji mtandao wala salio. Kabla ya kuiacha barabara, simama mahali pa wazi, subiri kifaa kitulie, kisha hifadhi alama hapo. Wakati wa kurudi, chagua alama ile na utembee hatua ishirini kwa mstari ulionyooka, mwendo wa kawaida, kifaa ukikishika mbele ya kifua, uso wake ukitazama juu. Mshale ukishatulia, tafuta kitu cha mbali kilicho upande huo, mti au kichuguu, ukiendee, ukifika, rudia. Mwenye dira ya sindano anasoma nyuzi kwenye GPS, anazihamishia kwenye dira na kukizima kifaa ili betri idumu. Ahakikishe tu kwamba vyote viwili vinahesabu kaskazini ile ile, ama ya kweli ama ya sumaku.

Baba mkubwa anakumbuka jinsi kazi ya kupima ardhi ilivyokuwa. Mpaka Mei 2000 Marekani ilikuwa ikiyavuruga makusudi mawimbi ya raia, kosa likaweza kufika mita mia. Leo uwanja wote wa madini wa nchi yetu umegawanywa kwa mistari ya ramani: sheria ya 2002 iliweka miraba ya hekta 84.955, kila upande ukiwa sekunde 30 za nyuzi, na mchimbaji mdogo asiyeweza kusoma namba hizo hawezi kujua kama shimo lake limeingia kwenye mraba wa kampuni. Hili nalo linaniuma.

Siku ile tulirudi kwa vituo sita au saba, yeye akichagua kichuguu, mimi nikisoma namba: mita mia tatu na arobaini, mia mbili na kumi, tisini. Kwenye mita nne tulisimama. Mshale ukaanza kuzunguka upya. Baba mkubwa akakichukua kifaa, akakifuta maji kwa upindo wa shati, akakizima, kisha akapita nyuma ya kichaka na kuitoa baiskeli.