Je, Wajua? Jiji Lililokuwa na Wateja Hewa wa Maji

Mto unaorudi ulikotoka
Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia, una mto unaogeuza mkondo kila mwaka. Masika yakipamba moto, mto Mekong hufurika na kuusukuma mto Tonle Sap urudi nyuma hadi kwenye ziwa la jina hilohilo. Mvua zikikatika, unateremka tena. Mitambo ya jiji huchota kwenye mito hiyo, kwa hiyo maji yalikuwapo tele. Kasheshe ilikuwa kuyafikisha nyumbani.

Ndoo saba kati ya kumi
Mwaka 1993, asilimia 72 ya maji yaliyosafishwa hayakuingiza hata senti. Jaza ndoo kumi: saba zimevuja au zimeibwa! Mfumo wenyewe ulikuwa mkongwe, kwani Wafaransa walijenga mtambo wa kwanza mwaka 1895. Kisha Aprili 1975 waasi wa kikomunisti wa Khmer Rouge wakawafukuza mjini wakazi wote, na kwa karibu miaka minne jiji likabaki gofu.

Mahame ndani ya daftari
Mamlaka ya maji ilipotuma watu kukagua nyumba kwa nyumba, ilikuta kwamba kati ya wateja 26,000 na ushei walioandikwa, takriban 13,000 hawakuwapo kabisa. Papo hapo, wengine wapatao 13,000 walikuwa wakinywa kimyakimya, hawamo kwenye orodha yoyote. Ankara zilikuwa zikipelekwa kwa mizimu, na walio hai walikuwa wakinywa bure.

Jenerali, bastola na mita
Hiki ndicho kisa ninachokipenda kuliko vyote. Ek Sonn Chan, mhandisi aliyeshika ukurugenzi wa mamlaka hiyo mwaka 1993, amewahi kusimulia alivyokwenda kufunga mita kwa jenerali mmoja, akaelekezewa bastola kichwani. Aliondoka, akarudi na askari wenye silaha, akamkatia maji. Habari za namna hiyo husambaa zenyewe: mkubwa akilipa, jirani yake atakuwa na kisingizio gani?

Maskini wakapunguziwa
Ukali huo haukumwangukia kila mtu. Familia fukara zilipewa ruzuku ya gharama za kuunganishiwa bomba, kuanzia asilimia 30 hadi 100, kulingana na hali zao. Kabla ya hapo wengi walinunua kwa wachuuzi, kwa bei ghali kuliko ya bomba.

Kutoka 72 hadi 6
Kufikia mwaka 2010 hivi, upotevu ulishuka hadi karibu asilimia 6, na maji yalitoka saa 24. Miji mingi ya Afrika Mashariki ingali ikipoteza zaidi ya theluthi moja. Wafanyakazi wa mamlaka ya Phnom Penh nao walipungua kutoka 22 kwa kila wateja 1,000 hadi chini ya wanne.

Maji sokoni
Soko la hisa la Kambodia lilipoanza biashara mwaka 2012, kampuni ya kwanza kuorodheshwa haikuwa benki wala ya simu, bali mamlaka hii ya maji. Iliuza asilimia 15 tu ya hisa; 85 zilibaki serikalini.