Sifuri ya Python, Moja ya R

Jioni moja tulifungua daftari la Jupyter kwa kazi ndogo tu: kutafuta maneno yenye asili ya Kiarabu katika insha za wanachama. Wenzetu wa kompyuta walitaka Python kwa kuchambua maandishi. Wa takwimu hawakukubali kuiacha R na michoro yake. Hapakuwa na haja ya kugombana. Jina lenyewe Jupyter linatokana na Julia, Python na R. Ukishaipakia maktaba ya rpy2, kisanduku kinachoanza na %%R husomwa kwa R, na kinachofuata kikiwa hakina alama hiyo husomwa kwa Python.

Kuchanganya hakukututisha. Hapa Maskati nani hachanganyi? Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza hupita meza moja kabla finjani ya kahawa haijapoa.

Lakini lugha hizi mbili za programu hazioni vya mwenzake. Kigeu ulichokiunda kwa Python, R haikijui mpaka ukivushe: -i kukiingiza, -o kukitoa. Tulivusha safu mbili, moja ya maneno yote ya insha, nyingine ya nafasi za yale tuliyoyatafuta. Mchoro ukatoka, mzuri, wa rangi. Tulikuwa karibu kumpelekea mwalimu pale mwenzetu mmoja alipouliza: tangu lini "ilianza" ni Kiarabu?

Tukarudi kwenye sentensi ya kwanza: "Safari yetu ilianza alfajiri." Python huhesabu kuanzia 0, kwa hiyo "safari" ilikuwa nafasi ya 0 na "alfajiri" nafasi ya 3. R huhesabu kuanzia 1. Kwake neno la 3 ni "ilianza", na nafasi ya 0 huiruka kimya kimya, bila hata onyo. Hilo ndilo lililotuudhi. Ingelalamika, tungejua mapema.

Ni kama bibi aliyekulia Unguja akisema njoo asubuhi saa mbili, kisha mjukuu akamsikia nusu, akafika saa nane mchana, chai ishapoa. Kila mmoja amehesabu sawasawa kwa saa yake.

Dawa ilikuwa kuongeza 1 kwenye kila nafasi kabla ya kuvusha. Tukachora upya: "ilianza" ikaondoka, "safari" ikarudi mahali pake. Siku hizi kila safu inapovuka tunachapisha neno la kwanza na la mwisho pande zote mbili, tunalinganisha, ndipo tunachora.