Kabla ya kuota Maldives, umewahi kufikiria Komoro?

Wacha nikuulize: ukisikia "Komoro", nini kinakujia akilini? Kama wewe ni shabiki wa Harambee Stars, najua jibu, na pole sana. Novemba 2020 jamaa hawa walitukaba 1-1 hapa Kasarani, siku chache baadaye wakatulaza 2-1 kwao Moroni. Wao wakafuzu kwa AFCON kwa mara ya kwanza katika historia yao, sisi tukabaki nyumbani na visingizio. Kule Cameroon, Januari 2022, waliipiga Ghana 3-2 na kuifungisha virago. Kisha wakakutana na wenyeji bila kipa hata mmoja, wakamsimamisha beki langoni, na bado wakafungwa 2-1 pekee.

Hapo ndipo wengi wetu tulikimbilia ramani. Na hapo ndipo aibu ikaanza, kwa sababu kumbe ni jirani. Ukichora mstari ulionyooka kutoka Mombasa hadi Moroni, ni kama kilomita 940 hivi. Kwenda Mahé kule Ushelisheli ni karibu mara mbili ya hapo. Lakini mbogi ikikaa kupanga safari ya ndoto, utasikia Maldives, Ushelisheli, Morisi. Komoro hata haitajwi.

Leo tuitaje.

Visiwa vitatu, na cha nne chenye kesi

Komoro iko kati ya Msumbiji na Madagaska. Visiwa vyake ni Ngazija, ambapo kuna mji mkuu Moroni, Nzwani na Mwali. Ukivijumlisha vyote unapata eneo lisilofika mara tatu ya Kaunti ya Nairobi. Vyote vilizaliwa na volkeno, na mmoja wa milima hiyo bado haujalala: Karthala, urefu wa mita 2,361.

Usiudharau eti ni mfupi kuliko Ngong. Ngong unaianzia ukiwa tayari juu, lakini Karthala unaianzia karibu na usawa wa bahari. Wengi hutumia siku mbili, wanalala mlimani usiku mmoja, na wanaenda na mwenyeji anayejua njia. Huko juu utakuta shimo lenye upana wa kilomita kadhaa, majivu kila mahali, ukimya mtupu. Mlima huu ulilipuka 2005, 2006 na tena 2007, kwa hivyo uliza hali yake kabla ya kufunga kamba za viatu.

Kashkazi yao si kashkazi yetu

Ukiwa mtu wa Pwani, hapa utatabasamu. Wakomoro nao husema kashkazi na kusi. Upepo ni ule ule uliosukuma majahazi ya mababu huku na huko, ndiyo maana Wangazija wako Mombasa na Unguja tangu zamani. Ila hali ya hewa inageuka. Kwetu kashkazi ni jua la kuchoma utosi. Kwao kashkazi ndiyo mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, joto na unyevu juu. Kusi, Mei hadi Oktoba, ndio wakati mkavu wenye kibaridi kizuri. Ukitaka kupanda mlima au kuogelea bila kunyeshewa, nenda wakati wa kusi.

Kuna tofauti nyingine nzito. Sisi tuko kwenye ikweta, vimbunga hutupita mbali. Wao wako nyuzi 11 hadi 13 kusini, na vimbunga vinawajua kwa anwani. Aprili 2019 Kenneth kilipita karibu kabisa na Ngazija. Desemba 2024 Chido kikaivunjavunja Mayotte, kisiwa jirani.

Mvua tele, maji hakuna

Sasa sikiliza hii. Moroni hupata zaidi ya milimita 2,500 za mvua kwa mwaka, zaidi ya mara mbili ya Nairobi. Ungedhani wanaogelea kwenye maji safi. Wapi! Ngazija haina mto hata mmoja wa kudumu. Mwamba wa volkeno una matundu kama sifongo, mvua ikinyesha inazama moja kwa moja. Ndiyo maana utaona matangi ya saruji pembeni mwa nyumba, ya kukinga maji ya paa. Karthala ulipolipuka Novemba 2005, majivu yaliingia ndani ya matangi hayo, na watu wengi wakabaki bila maji salama ya kunywa.

Nzwani ni hadithi tofauti. Kisiwa hicho kina mabonde, maporomoko na mito. Na kina harufu! Huko ndiko kunakolimwa mlangilangi, ule mti ambao maua yake mama zetu wa Lamu na Mombasa huyatia kwenye vikuba. Komoro ni kati ya wazalishaji wakubwa duniani wa mafuta ya langilangi, na mafuta hayo huishia kwenye manukato ya bei ghali kule Ufaransa. Maua huchumwa alfajiri, yanachemshwa siku hiyo hiyo kwa saa nyingi. Kwa moto gani? Wa kuni. Kuni zinatoka msituni, msitu ukipungua mto nao unapungua. Mito mingi iliyotiririka mwaka mzima sasa hukauka kiangazi. Kwa hivyo ukinusa chupa ya manukato dukani, jua kuna mto mahali fulani umechangia.

Mwali, kisiwa cha kuzima simu

Kama una nafasi ya kisiwa kimoja tu, mimi ningekuambia Mwali. Ndicho kidogo zaidi, ndicho chenye watu wachache zaidi. Mwaka 2001 palianzishwa hifadhi ya bahari, na 2020 UNESCO ikaitambua Mwali kuwa hifadhi ya hai na mazingira. Katika kijiji cha Itsamia, kasa hutoka baharini usiku kutaga mayai, na hufanya hivyo mwaka mzima. Unakaa gizani bila tochi, unanyamaza, unamtazama mama mzito akichimba mchanga. Hakuna tiketi ya sinema inayoshinda hiyo.

Angani kuna popo wa Livingstone, ambaye mabawa yake yakikunjuliwa hukaribia mita moja na nusu. Hapatikani kwingine duniani isipokuwa Nzwani na Mwali. Na baharini kuna gombesa, samaki ambaye wanasayansi walidhani alitoweka enzi za dinosaria hadi mmoja akavuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Wa pili alipatikana Komoro 1952, na wavuvi wakashangaa fujo yote ni ya nini, kwani wao walimjua kwa jina siku zote. Timu iliyotulaza inaitwa kwa jina la samaki huyo. Angalau tulifungwa na kitu cha kale.

Utaongea nini?

Kifaransa kinasaidia, lakini masikio yako yatafanya kazi kubwa. Kikomoro na Kiswahili ni ndugu. Ukisikia "madji", hayo ni maji. Mkate wa sinia wanauita mkatra wa siniya. Ila chunga: "marahaba" kwao ni asante. Usishangae mzee akikuitikia "marahaba" na wala hukumwamkia.

Nchi ni ya Kiislamu, kwa hivyo vaa kwa heshima mjini, nguo za kuogelea ziachie ufuo. Moroni, pitia msikiti wa kale wa Ijumaa kando ya bandari, kisha uzame vichochoroni. Jioni utawaona wazee wamekaa bangwe, uwanja wa mji. Kuna ngazi za heshima pale. Ngazija mwanamume huhesabiwa mtu mzima kamili baada ya kufanya ada, harusi kubwa inayomeza akiba ya miaka. Ukidhani kamati za harusi za WhatsApp ndizo zinakumaliza, uliza vijana wa Moroni.

Kile kisiwa cha nne

Nisingependa uende ukarudi na picha za machweo tu. Katika kura ya 1974 Mayotte ilikataa kuachana na Ufaransa, wenzake wakapata uhuru 1975. Tangu 1995 Mkomoro anahitaji viza kuvuka kwenda huko, kwenye ardhi ambayo nchi yake inasema ni yake. Kutoka Nzwani ni kilomita 70 tu. Vijana wa rika lako na langu huvuka usiku kwa mashua ndogo ziitwazo kwasa-kwasa, wakitafuta kazi, hospitali, shule. Maelfu wamezama. Wewe utafika kwa ndege na kugongewa muhuri. Wao hata kisiwa wanachokiona kwa macho hawakifiki kwa usalama. Ukiketi ufuoni Nzwani, kumbuka bahari hiyo hiyo nzuri ndiyo kaburi la mtu.

Rada ya mwisho

Viza wageni hupewa wanapofika, lakini thibitisha kabla ya kulipa tiketi. Unaweza kupitia Addis Ababa kwa Ethiopian Airlines au Dar es Salaam kwa Air Tanzania. Beba yuro taslimu, maana kadi hazikubaliwi kila mahali. Yuro moja ni karibu faranga 492. Julai na Agosti Wakomoro wa Ufaransa hurudi kwa harusi, ndege hujaa na bei hupanda. Mei au Juni ni nafuu kwa mwili na kwa mfuko. Na usitarajie huduma za Maldives: stima hupotea, boti za kati ya visiwa huchelewa, barabara zina mashimo.

Lakini niambie, ni kisiwa gani kingine cha ndoto ambapo utaomba maji na mwenyeji akuelewe kabla hujamaliza neno? Oga kwa kipimo tu. Hayo maji yana historia.