Boti za Faiba: Zinavyoundwa, na Jinsi ya Kumlinda Anayeziunda



Katika mikutano yetu ya Mbarara na ya makazi ya Nakivale, vijana wametuuliza mara nyingi habari za kazi ya kuunda boti za faiba, zile boti za mwendo mkali zinazoonekana katika Ziwa Viktoria na huko pwani. Wanataka kujua mambo matatu. Je, boti hizo zinaundwaje? Fundi wa mbao anaweza kuifanya kazi hiyo? Na je, kazi yenyewe inamdhuru mtu? Tunajibu hapa, moja baada ya jingine.

Swali hili si la mchezo. Wengi walioko Nakivale walitoka katika nchi za maziwa makubwa, na wanajua maji yanavyoua. Tarehe 22 Machi 2014, katika Ziwa Albert, chombo kilichojaa wakimbizi wa Kikongo waliokuwa wakirudi kwao kutoka Uganda kilipinduka. Serikali ya Kongo ilitangaza vifo 251. Mwezi wa Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Tanzania, wakafa zaidi ya watu 220. Vyombo vyote viwili vilikuwa vimepakia kupita kiasi. Basi tuseme tangu mwanzo: hakuna chombo, kiwe cha mbao, cha chuma au cha faiba, kinachomwokoa mtu kikipakiwa hivyo.

FAIBA NI KITU GANI?

Ukipita katika gereji utamwona fundi akiziba bampa iliyopasuka kwa kitambaa cheupe na gundi yenye harufu kali. Hiyo ndiyo faiba. Ni vitu viwili vilivyounganishwa: nyuzi nyembamba sana za kioo, na gundi iitwayo rezini.

Fikirini nyumba ya fito na udongo. Fito peke yake hazizuii upepo, na udongo peke yake huanguka. Vikiwekwa pamoja, fito hubeba nguvu, na udongo huzishika fito zisicheze. Katika boti, nyuzi za kioo ndizo fito, na rezini ndiyo udongo. Mtu akiongeza udongo mwingi kuliko fito, ukuta unakuwa mzito na kupasuka. Na boti ni vivyo hivyo: rezini ikizidi, boti inakuwa nzito na inavunjika upesi.

Viwanda vya Marekani vilianza kutengeneza nyuzi hizi kwa wingi katika miaka ya 1930, na boti za kwanza za faiba zilitokea katika miaka ya 1940. Baadaye zilikuja nyuzi nyingine. Mwaka 1965 mwanakemia wa Marekani, Bibi Stephanie Kwolek, aligundua nyuzi ambazo baadaye ziliitwa Kevlar, ambazo hazikatiki kwa urahisi. Ziko pia nyuzi za kaboni, nyepesi na ngumu sana, lakini bei yake ni kubwa. Boti nyingi za kazi bado zinaundwa kwa kioo.

KAZI INAVYOKWENDA

Kwanza, seremala huunda mfano wa boti kwa mbao, wenye umbo kamili, kisha huupiga msasa mpaka unang'aa. Kila kovu la mfano litaonekana katika boti zote zitakazofuata. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya boti ya faiba ni kazi ya mbao.

Pili, juu ya mfano huo hutengenezwa kalibu, yaani ganda la faiba lililo nene. Kalibu moja hutoa boti nyingi, kama vile kalibu ya tofali inavyotoa tofali nyingi.

Tatu, kalibu hupakwa nta ndani ili boti isigandamane nayo. Juu ya nta hupakwa jelikoti, ambayo ndiyo itakuwa ngozi ya nje ya boti na rangi yake.

Nne, mikeka ya nyuzi hutandazwa, ikaloweshwa rezini kwa brashi na rola. Mkeka wa kawaida huwa na gramu 300 au 450 kwa kila mita moja ya mraba. Mkeka wa gramu 450 hunywa kiasi cha kilo moja ya rezini kwa mita hiyo. Rola hutoa mapovu ya hewa. Povu likibaki ndani, mahali hapo ni dhaifu, na maji yataingia.

Rezini haigandi mpaka itiwe dawa ya kukaza. Dawa hiyo ni kidogo sana: gramu 10 mpaka 20 kwa kilo moja ya rezini. Ikizidi, rezini hupata moto na kupasuka, ikipungua, haikauki. Siku ya jua kali hukaza upesi zaidi. Kwa hiyo fundi huchanganya kidogo kidogo, kiasi anachoweza kumaliza kwa dakika 15 au 20.

Tano, mataruma na mihimili hufungwa ndani kwa faiba, boti ikaachwa ikauke vizuri, ndipo itolewe katika kalibu.

KWA NINI BOTI YA MBIO INAHITAJI UANGALIFU ZAIDI?

Boti ya taratibu hukata maji. Boti ya mbio hupanda juu ya maji na kuruka mawimbi. Kila inapotua, maji huipiga chini kama nyundo. Katika boti ya mbao iliyopigwa misumari, vipigo hivyo pamoja na mtetemo wa injini kubwa hulegeza misumari na kutoa kalafati, na maji huanza kuingia. Boti ya faiba haina maungio ya mbao kwa mbao, lakini nayo hupasuka ikiwa ukuta ni mwembamba au mataruma yako mbalimbali.

Mafundi walipata njia mbili za kupunguza vipigo hivyo. Ya kwanza ni umbo. Mmarekani Ray Hunt alichora boti yenye tumbo la ncha kama herufi V tangu omo mpaka tezi. Mwaka 1960 boti ya mbao ya umbo hilo ilishinda mashindano ya kutoka Miami hadi Nassau katika bahari iliyochafuka. Baadaye umbo lile lilitolewa kwa faiba na kuuzwa kwa jina la Bertram 31. Mpaka leo boti nyingi za mwendo mkali baharini hufuata umbo hilo.

Njia ya pili ni ukuta wa tabaka tatu: faiba nje, faiba ndani, na katikati povu gumu au mti mwepesi wa balsa. Ukuta huo ni mnene lakini mwepesi, nao haupindiki ovyo.

Hapa kuna jambo ambalo kila mnunuzi alijue. Mbao nyingi huelea. Kwa hiyo mtumbwi wa mbao usio na mzigo mzito mara nyingi ukijaa maji hauzami wote, na watu huweza kuushika. Lakini faiba ni nzito kuliko maji. Boti ya faiba ikijaa maji huenda chini, isipokuwa imewekewa masanduku yaliyozibwa au yaliyojazwa povu gumu. Masanduku hayo hayaonekani, na mwenye mali anayetaka kubana gharama huyaacha kwanza. Fundi asikubali kuifunga sakafu ya boti kabla hayajawekwa.

UFUNDI WA WAZEE HAUKUPOTEA

Baadhi ya vijana hudhani faiba imeufuta ujuzi wa wazee. Si kweli. Watu wa visiwa vya Ssese katika Ziwa Viktoria waliunda mitumbwi mikubwa kwa kushona mbao kwa nyuzi za mimea. Watu wa Lamu na visiwa vya jirani walishona mitepe yao kwa kamba za mnazi, bila misumari.

Ufundi wa kushona ulirudi kwa njia nyingine. Fundi hukata vipande vya plaiwudi, huvitoboa kandokando, huvishona kwa waya mwembamba mpaka boti ipate umbo, kisha huziba mishono kwa rezini na utepe wa kitambaa cha kioo. Rezini ikikauka, waya hutolewa au hukatwa. Kalibu haihitajiki. Mwaka 1963 gazeti la Daily Mirror la Uingereza, lililosomwa sana na wafanyakazi, lilitangaza mashua ndogo ya namna hiyo, ambayo mtu wa mshahara mdogo angeweza kuiunda mwenyewe nyumbani. Iliuzwa vipande vyake kwa pauni 63 na shilingi 11, na zaidi ya 70,000 zimeundwa.

Tuna mfano wa karibu pia. Mwaka 2018 mafundi wa Lamu, wakiongozwa na Ali Skanda, walishusha majini jahazi liitwalo Flipflopi, lenye urefu wa mita 9, lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa na kuyeyushwa upya. Mwaka 2019 lilisafiri kutoka Lamu mpaka Zanzibar. Plastiki hiyo si faiba, lakini somo ni lile lile. Vitu vilikuwa vipya, na mikono iliyojua mkuku, mataruma na mbao ndiyo iliyovitengeneza.

Ziwa la Nakivale lina kina kifupi, wala halihitaji boti ya mbio. Mvuvi wa pale atafaidika zaidi na mtumbwi mzuri wa mbao au wa plaiwudi uliofunikwa faiba. Lakini kijana aliyejifunza ufundi huu kwa mtumbwi mdogo anaweza kutafuta kazi katika karakana za Ziwa Viktoria, au kutengeneza matangi na mabodi ya magari hapa hapa Mbarara. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamtambua mkimbizi kuwa na haki ya kutafuta kazi. Asiogopeshwe na mtu kwamba hana haki.

HATARI KWA MWILI

Sasa swali la tatu. Ndiyo, kazi hii humdhuru mtu asipolindwa.

Harufu kali ya rezini ni mvuke wa kitu kiitwacho stirini. Huumiza kichwa, huwasha macho, humfanya mtu kama mlevi, na kwa muda mrefu hudhoofisha mishipa ya fahamu. Mwaka 2018 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilikiweka katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hutulia chini. Kijana anayetumwa kuingia ndani ya boti kupaka rezini anakuwa amekaa katika kisima cha sumu, hata kama mlango wa karakana uko wazi. Tena mvuke huo hushika moto. Sigara na mashine ya kuchomelea vyuma viwe mbali.

Dawa ya kukaza ikiruka jichoni inaweza kupofusha. Mtu aoshe jicho papo hapo kwa maji mengi, kwa dakika 15 au zaidi, kisha apelekwe hospitali. Dawa hiyo isichanganywe kamwe moja kwa moja na ile dawa nyingine ya kuharakisha rezini, maana hulipuka.

Vumbi la msasa huwasha ngozi na kuumiza kifua. Na hapa wengi hudanganywa: barakoa ya kitambaa haizuii mvuke hata kidogo. Kinachozuia mvuke ni barakoa ya mpira yenye vichujio vya mkaa, navyo hubadilishwa vinapochakaa. Maziwa anayopewa mfanyakazi jioni eti yasafishe kifua hayasafishi kitu.

Iko njia nyingine iliyo bora. Nyuzi hutandazwa zikiwa kavu, hufunikwa kwa karatasi ya plastiki iliyozibwa pande zote, hewa hunyonywa kwa pampu, na rezini huvutwa ndani yenyewe. Mvuke mwingi hubaki chini ya plastiki. Tena boti inakuwa nyepesi na imara zaidi, kwa sababu rezini haizidi. Waundaji wengi wa boti za mbio huitumia kwa ajili ya wepesi huo. Kwa hiyo mwajiri akituambia kwamba usalama wetu utaharibu kazi yake, tumwonyeshe njia hii.

TUDAI NINI?

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 inamwajibisha mwajiri kulinda afya ya wafanyakazi wake. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi, na kwamba anayetoka mahali penye hatari kubwa ya papo hapo kwa sababu ya haki asiadhibiwe. Mwaka 2022 shirika hilo liliuweka mkataba huo miongoni mwa mikataba yake ya msingi.

Basi kila karakana, hata ya watu wanne, tudai haya: hewa ivutwe kutoka chini ya boti, barakoa za vichujio, miwani na glavu zitolewe bila kukatwa mshahara, maji ya kuoshea macho yawe karibu, asiingie mtu ndani ya boti bila mwenzake nje, na anayefundishwa kazi apewe ulinzi ule ule anaopewa fundi. Mtu mmoja akidai haya peke yake ataambiwa kazi imekwisha, aende zake. Wote wakidai siku moja, boti haitatoka katika kalibu mpaka wasikilizwe.

Wenzetu wa mashamba ya chai na wa viwandani nao wasiione habari hii kuwa ya watu wa majini tu. Dawa za kunyunyizia majani na rangi za kupulizia zina mvuke wake pia. Ulizeni jina la kila dawa mnayopewa, ulizeni inadhuru nini, na mleteni jibu katika mkutano wa tawi lenu.